Kola ya Ndoo

"Mwenye kosa hapa ni ulimi," alisema daktari wa mifugo. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, akifunua manyoya ya ubavu wa mbwa kwa vidole viwili. "Dawa mnapaka, sawa. Lakini mkigeuka tu, yeye anailamba yote, na ngozi inatoka nayo. Hapa mnamlisha dawa, hammtibu."

Mbwa aliitwa Karani, kwa sababu kazini hakuwa akipitisha mzigo bila kuukagua. Alikuwa na vidonda vitatu ubavuni, kikubwa zaidi chenye upana wa kiganja cha mtoto, vyote vibichi na vinang'aa kwa mate. Aliyemshika kamba alikuwa mlinzi wa ghala la ngozi, mwanamume mrefu ambaye mtaani waliamkiana naye kwa jina la Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili. Pembeni alisimama mkewe, Mama Pacha, fundi cherehani. Yeye tayari alikuwa anaipima shingo ya Karani kwa macho, kama alivyozoea kumpima kila anayekatiza mbele yake.

"Avae kola," daktari akaendelea. "Ile ya plastiki, pana kwa mbele kama faneli. Kichwa kikae ndani, mdomo usifike ubavuni. Siku kumi na nne, usiku na mchana. Atawatazama kwa macho ya kuomba, atagonga milango, atawaaibisha mbele ya wageni. Msimvue."

"Unazo hapa?" Mama Pacha aliuliza.

"Zimeisha. Hata ya ndoo inafaa, mradi ukingo usimkate shingo." Daktari alibonyeza kando ya kidonda, Karani akalia. "Ukimgusa hivi nyumbani analalamika?"

"Sana," mlinzi alisema.

"Afadhali. Kikiacha kuuma kabla hakijafunga, usisubiri siku zitimie, mlete hapo hapo. Kidonda kibichi kisichouma, nyama yake imeanza kufa."

Mlinzi alishughulika na kamba ya mbwa, akaikunja, akaikunjua. Karani akatumia nafasi hiyo kuinamia buti la kushoto la bwana wake, akalinusa polepole kuanzia kisigino mpaka kwenye kamba. Mlinzi akavuta mguu nyuma.

"Na wewe unachechemea," daktari alisema.

"Buti jipya, daktari. Linanibana."

Mama Pacha alilitazama buti lile. Lilikuwa na miaka mitatu, na kisigino alikuwa amekigundisha yeye mwenyewe. Alidhani mumewe anaona haya tu kusema kwamba hana jingine, basi akanyamaza, maana si vizuri kumkosoa mume mbele za watu.

 

Kazi yao ilikuwa hivi. Ghalani ziliingia ngozi za ng'ombe zilizotiwa chumvi, zimekunjwa na kufungwa marobota. Ngozi moja ikianza kuoza katikati ya robota, inaziharibu zote, na pua ya binadamu haipati habari mpaka mzigo umeshafika kwa mnunuzi na matusi yameshaanza kurudi. Karani alijua siku ya kwanza. Alipita kati ya marobota taratibu, na penye uozo aliketi. Hakubweka wala hakukwaruza. Aliketi tu akamtazama bwana wake usoni, na hakuondoka pale mpaka apewe biskuti kutoka mfuko wa koti.

Mlinzi ndiye aliyemfundisha, tangu Karani akiwa mtoto wa mbwa asiyejua hata kushuka ngazi. Kampuni iliwaandika wote wawili kwenye barua moja: jozi. Jozi ilipewa mshahara mmoja na nyumba moja, chumba na sebule nyuma ya ghala, na humo ndimo ilimokaa familia nzima pamoja na cherehani. Chumvi ile ile ya ngozi ndiyo iliyomla Karani ubavu. Meneja wa ghala, mwanamke wa sauti ya chini na nguo zisizo na kunyanzi, aliviona vile vidonda akafunga faili lake.

"Wiki mbili, Baba Pacha. Wanunuzi wanakuja Jumatatu zikiisha, na wanataka kumwona huyu mbwa akifanya kazi kabla hatujasaini mwaka mwingine. Siwezi kuwaonyesha mbwa mwenye vidonda juu ya ngozi zangu. Akipona, mnaendelea. Asipopona, kuna kampuni ina mbwa na watu wake. Na watahitaji pa kulala, unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Sina ubaya na wewe."

"Najua, mama."

Kweli hakuwa na ubaya, na ndiyo maana alitisha. Mtu mwenye ubaya unaweza kumwombea dua mbaya ukalala.

 

Ndoo iliyokatwa ilikuwa ya bluu, ya kuogea watoto. Pacha walilia kidogo, halafu wakagombania kushika mkasi. Mama Pacha aliondoa kitako, akapasua ubavu, akapunguza kimo mpaka ukingo ukapita pua ya Karani kwa upana wa vidole vitatu. Alitoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto. Ukingo wa shingoni akauzungushia kitambaa cha shuka kuukuu, mshono mara mbili, na mwisho akakishona kile kitu papo hapo shingoni mwa mbwa kwa uzi wa viatu.

"Hii haivuliki mpaka niikate mimi," alisema, akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

Karani alitembea hatua tatu, akagonga mlango, akagonga kiti, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeingia harusi ya wengine. Nje ilikuwa balaa. Jirani mpiga pasi aliacha nguo ya watu ikiungua.

"Jamani, Karani kafungwa spika! Ametangaza nini leo?"

"Ametangaza wewe unaunguza shati," Mama Pacha alimjibu, na uwanja mzima ukacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa yeye kucheka kwa moyo mweupe katika wiki zile mbili.

Jioni mlinzi alikaa kitandani, buti zikiwa bado miguuni. Karani alimjia, akaisogeza ile ndoo mpaka ikagota kwenye mguu wa kushoto. Pua haikufika. Akarudi nyuma, akajaribu kwa upande, ikagota tena. Kisha akaketi, akamtazama bwana wake usoni.

"Anadai biskuti," alisema pacha mmoja.

"Hajafanya kazi," baba alisema. "Toka! Toka hapa!" Na akampiga teke.

Cherehani ilinyamaza. Katika miaka sita mwanamume huyu alikuwa hajawahi kumpiga Karani hata kwa kofi.

"Umempiga mbwa?"

"Amenigonga na ndoo yako."

Karani hakukimbia. Alirudi akaketi pale pale.

 

Tuseme wazi kilichokuwa ndani ya buti, kwa kuwa mwenyewe hakukisema. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto palikuwa na tundu. Lilianzia kwenye msumari uliotokeza ndani ya soli miezi miwili nyuma, na yeye aliukanyaga siku tatu bila kuusikia. Tundu lilikuwa limekua likawa la kuingiza ncha ya kidole, kingo nyeupe, katikati pana rangi isiyo na jina. Alilibonyeza kila asubuhi bafuni, mlango umefungwa kwa komeo, akisubiri liume. Halikuuma.

Miaka miwili kabla, hospitalini waliwahi kumwambia damu yake ina sukari. Walimpa vidonge. Vilipoisha alijiona mzima, akaacha. Sasa alikuwa anakunywa maji mtungi kwa mtungi na mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu la pili, lakini mtu anayetembea na jua kutwa si lazima awe na kiu? Alijijibu hivyo, na jibu likamtosha.

Kilichomzuia kwenda hospitali kilikuwa kumbukumbu moja. Mwaka uliopita mpakuaji mmoja, mtu wa kifua kipana, alimwonyesha meneja kidonda cha muundi akiomba ruhusa ya siku mbili. Meneja alimpa pole kwa dhati kabisa. Alimpa pia barua. "Vidonda vya watu na ngozi za biashara haviendi pamoja," alisema, na Ijumaa mpakuaji akabeba godoro lake kichwani mbele ya wenzake, wote wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Kwa hiyo mlinzi alijipangia. Jumatatu ile ipite, mwaka usainiwe, Jumanne aende hospitali. Siku kumi na nne tu. Mbwa akivumilia ndoo shingoni, yeye atashindwa kuvumilia buti?

Akaanza kujipaka dawa ya Karani. Ile ya zambarau, mara mbili kwa siku, kwa pamba.

 

Siku ya tano vidonda vya mbwa vilikauka kingo. Siku ya nane vikaanza kujikunja kuelekea ndani, na ngozi mpya, ya rangi ya ufizi, ikajitokeza. Mama Pacha alikuwa akimlisha Karani kwa mkono, akimshikia bakuli la maji ndani ya kola, akimfuta matone kidevuni. Alijivuna, na alikuwa na haki. Kila jioni aliwaita pacha kuja kuona, na wao walihesabu vinyweleo.

Lakini chumbani palikuwa na harufu.

Mwanzo aliisingizia ndoo. Akaiosha kwa sabuni na maji ya moto, mbwa akiwa ndani yake. Akafua kitambaa hapo hapo shingoni. Akatoa godoro nje likapigwa jua. Siku ya kumi harufu ilikuwa imeongezeka, tamu-tamu, yenye kukaa nyuma ya koo, na akaingiwa na hofu kwamba vile vidonda vinapona juu juu huku vinaoza kwa ndani. Alipiga magoti, akafunga macho, akaweka pua yake kwenye ubavu wa Karani. Ubavu ulinuka sabuni na jua. Akabaki amepiga magoti pale, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na vitu vya kushukiwa vilikuwa vinaisha.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alimkuta ameshika chupa ya dawa.

"Hii chupa ilikuwa ya wiki tatu. Imebaki tone."

"Nampaka Karani asubuhi ukiwa umelala."

"Karani nampaka mimi. Wewe huwa unaogopa kumgusa siku hizi." Alisimama. "Baba Pacha, humu ndani kuna kitu kinanuka."

"Ni ngozi. Nashinda kwenye ngozi, ulitaka ninuke waridi?"

"Harufu ya ngozi naijua, nimeolewa nayo. Nionyeshe mguu."

Mumewe alikuwa anatoka jasho, ingawa jioni ilikuwa ya baridi. Alikaa kitandani, na kwa muda mikono yake ilikwenda kweli kwenye kamba za buti. Kisha ikasimama.

"Jumatatu," alisema.

"Kuna nini Jumatatu?"

"Kuna hii nyumba, Mama Pacha. Kuna hiyo cherehani yako, na hao watoto, na shule yao hapo nyuma ya ukuta. Jumatatu ikipita nitakuonyesha chochote unachotaka. Niache siku nne. Nakuomba, mke wangu."

Hakuwahi kumwomba kitu kwa sauti ile. Mkewe angeweza kumvua lile buti kwa nguvu. Alikuwa na mikono ya kumgeuza ng'ombe, na mwanamume mwenyewe alikuwa amebaki mifupa. Lakini alitazama ukutani, akaona nguo za wateja zimetundikwa zikisubiri vifungo, akaona madaftari ya pacha juu ya sanduku, akajiuliza haya yote yatakwenda wapi yakitolewa nje. Akarudi kwenye cherehani. Sisemi kwamba alijua. Nasema alipewa nafasi ya kujua akaiahirisha, na usiku ule wote wawili walilala wamepeana migongo, kola ya Karani ikigota kwenye fremu ya kitanda upande wa miguu, ikiacha, ikigota tena.

 

Jumatatu uwanja wa ghala ulifagiliwa mpaka ukatia huruma. Wanunuzi walikuwa watatu, wenye viatu vyeupe ambavyo havikuwa vya mahali pale. Meneja alipanga marobota sita katika mstari. Ndani ya mojawapo, la nne, alikuwa ameficha ngozi iliyooza, na hakumwambia mtu.

Mama Pacha alikuja na mkasi wake wa kazi. Ndiye aliyeishona kola, na ndiye pekee angeikata bila kumjeruhi mbwa. Alikata uzi mmoja mmoja. Ndoo ya bluu ilifunguka, ikaanguka, ikabiringika mpaka miguuni pa wageni, mmoja akacheka. Karani alijitikisa kuanzia masikioni mpaka mkiani. Ubavu wake ulikuwa umefunga. Mahali pa vidonda palikuwa na manyoya mafupi kama ya kitambaa kipya.

"Maridadi," meneja alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Hongera, mama. Tunaweza kuanza?"

Mlinzi alisimama mwanzo wa mstari. Alikuwa amenyoa ndevu. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa homa, na buti la kushoto alikuwa amelifunga kamba mpaka mwisho. Mama Pacha aliona midomo yake imekauka, akaona namna anavyoegemea mguu mmoja tu, akaanza kuhesabu moyoni. Marobota sita. Dakika tano, saini, halafu hospitali leo leo, sio kesho.

"Tafuta," mlinzi alisema.

Karani alikwenda. Robota la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alisimama, akanusa pembe, akaketi. Wanunuzi wakatazamana. Mlinzi alisogea, akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji kichwani, mkono ukienda mfukoni.

Hakupata nafasi ya kuutoa. Alipofika karibu, Karani aliinuka. Aliliacha robota, akashusha pua, akaifuata hewa mpaka kwenye buti la kushoto. Alilinusa mara moja tu, ndoo haikuwepo tena kumzuia. Akaketi mbele yake, akainua uso.

"Karani. Robota," mlinzi alisema kwa sauti ya chini. "Tafuta."

Mbwa alikwenda robota la nne, akaligusa kwa pua kama mtu anayemaliza maamkizi, akarudi. Akaketi mbele ya buti.

"Amefanya nini?" mnunuzi mmoja aliuliza.

Meneja alikuwa ameanza kupoteza tabasamu. "Kwenye la nne ndipo penyewe. Lakini huyu... Baba Pacha, amekosea?"

Mlinzi alilamba midomo. Njia ilikuwepo, nayo aliiona. Angeweza kusema mbwa kakaa sana na ndoo, kachanganyikiwa, mpeni nafasi ya pili, na pengine wangempa. Lakini mbele yake palikuwa na uso ule, masikio yamesimama, umemkazia macho kwa subira ya miaka sita, na yeye ndiye aliyeufundisha.

"Amekosea," alisema hata hivyo. "Samahani, mama. Amekaa sana na ndoo, ame..."

"Hajakosea."

Ni Mama Pacha. Alikuwa ameshaingia kwenye mstari, mkasi mkononi, na hakuwa anamtazama meneja wala wageni. Alipiga magoti kwenye chumvi iliyomwagika.

"Mama Pacha, usifanye hivyo," mumewe alinong'ona. "Nyumba."

"Kaa chini."

"Mbele ya watu?"

"Kaa chini, baba watoto. Umesimama mno."

Miguu ndiyo iliyomjibia. Alikaa juu ya robota la nne, kwa uzito, mikono magotini. Mama Pacha hakufungua kamba. Alizikata kwa mkasi, moja moja, kama alivyokata kola. Akalishika buti kwa kisigino akalivuta. Soksi ilikuja nayo, ya zambarau mpaka kwenye kifundo, na vitu vingine vilivyogandana na soksi.

Wageni wa viatu vyeupe walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mpakuaji mmoja kule mlangoni alisema jina la Mungu. Meneja aliinua faili lake akaliweka mbele ya pua, na juu ya faili macho yake yalikuwa, kwa dhati kabisa, yamejaa pole. Vidole viwili vya mguu ule vilikuwa vyeusi. Weusi ulikuwa umeshapanda, umepita wayo, ukielekea kifundoni.

"Kinauma?" Mama Pacha aliuliza. Alikuwa ameushika ule mguu kwa mikono miwili, analia bila sauti.

"Hapana," mumewe alisema. Na yeye alianza kulia hapo. "Hakijawahi kuuma."

"Gari!" Mama Pacha aligeuka akapiga kelele. "Mbona mmesimama? Leteni gari!"

Watu wakaanza kukimbia, meneja akiwa wa kwanza kuita dereva. Kwa hilo lazima asifiwe. Barua itakuja kesho, na hakuna aliyekuwa pale ambaye hakulijua hilo.

Karani peke yake hakuondoka. Aliketi palepale kati ya miguu inayokimbia, ubavu wake mzima, shingo yake huru, akimtazama bwana wake usoni. Alikuwa amefanya kazi yake na alikuwa anasubiri. Mlinzi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa biskuti, akampa.